Milia Kwenye Picha za Solange

Bagira, Bukavu, Jumatano mchana

Mwanangu Nsimire,

Umetoka kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na nyumba imetulia. Nimekaa mezani karibu na dirisha. Begi lako la safari ya kesho nimeliona chumbani, limefungwa zipu hadi mwisho, na kamera yako haimo. Iko hapa mezani, mbele yangu.

Sitakuandikia juu ya basi, wala karatasi za mpakani, wala namna ya kuishi na tantine yako Kampala. Hayo tumeyasema mpaka umechoka kunisikiliza, na tantine atayasema upya ukifika. Nataka nikujibu jambo moja ulilolisema jikoni Jumapili, ukichambua samaki wadogo wa sambaza, bila kunitazama.

"Maman, kama ni kamera, kama ni miye, sijui. Na mutu asiyejua, heri aache."

Halafu ukasema kwamba ukifika utamwambia yule mpiga picha wa Kampala, aliyekubali kukupokea studioni kwake mradi uje na kamera yako mwenyewe, kuwa huendi tena. Utauza vitenge dukani kwa tantine.

Sikukujibu, nawe ukadhani nimekubali. Sikukubali wala sikukataa. Sikuwa na jibu, na mimi sipendi kujibu nisichokijua. Wanafunzi wangu wa zamani watakuambia jinsi nilivyokuwa nikiwaacha wanangoja hadi kesho yake. Kuuza vitenge ni kazi nzuri, na tantine amesomesha watoto wake kwa kazi hiyo. Ukiingia dukani kwa kupenda vitenge, nitafurahi. Lakini ukiingia kwa sababu ya picha ulizopiga kwenye harusi ya rafiki yako Solange zikaharibika, utakuwa umekata kesi ambayo hakuna aliyeisikiliza. Basi nimeisikiliza. Tangu Jumatatu, kila ulipotoka kwenda kuaga watu, mimi nilikuwa na kamera yako.

Unajua jinsi mimi na kamera hii tulivyoanza vibaya. Aliileta tonton wako Cito, mdogo wangu, ambaye anauza vitu vilivyotumika pale sokoni Nyawera. Wewe ulikuwa shuleni, nami sikuweza kukungoja. Nilitoka nayo uani nikampiga picha kuku. Kuku akatoka kama wingu. Nikapiga ukuta, nikapiga miguu yangu mwenyewe, vyote wingu. Jioni ileile nikamrudishia Cito, nikamwambia mbele ya wateja wake kwamba amenidanganya. Hakubishana. Aliigeuza, akasukuma kidude kidogo ubavuni mwa lenzi, akampiga picha mteja mmoja, akanionyesha: mtu ametoka, ndevu zake unaweza kuzihesabu.

"Yaya," akasema, maana hivyo ndivyo anavyoniita mimi dada yake mkubwa, "lenzi ilikuwa inakungojea uipange kwa mukono, nawe unaibonyeza tu. Sasa bale batoto bote ulifundisha physique, balifaulu namna gani?"

Wateja walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Hata leo, nikipita pale, yupo anayeniita Maman Wingu.

Nimelifikiria tena jambo hilo wiki hii. Mimi nilichukua muda mfupi sana kukihukumu kifaa, na nilijisikia vizuri nilipofanya hivyo, kwa kuwa kifaa hakijibu. Wewe umejihukumu mwenyewe, upesi vilevile. Nadhani ni haraka ileile, ila kila mmoja wetu ameielekeza upande wake.

Turudi kwenye siku ya Solange. Nimegundua kwamba kila mtu anaisimulia kwa namna yake, kwa hiyo nitaiandika kama nilivyoiona.

Asubuhi, kanisani, ulipiga picha hadi wakati wa ahadi. Kila ulipobonyeza, kamera ililia klak, na katika kanisa lile lenye dari la juu mlio ulikwenda ukarudi. Abbé, padri wetu, akakuita kwa kidole. Alisema kwa sauti ya chini, lakini sisi wa benchi la mbele tulisikia yote:

"Binti yangu, hapa tunamusikiliza Mungu. Mashine yako nayo inataka kuhubiri?"

Ukaitikia kwa kichwa, ukafungua menyu, ukagusa mahali fulani, na tangu hapo kamera ikawa kimya kabisa. Nilijivuna. Nilisema moyoni, mtoto huyu anakijua chombo chake. Misa ikaendelea, nawe ukaendelea kupiga picha kwa mwanga wa madirishani bila mtu kukusikia.

Kisha jioni, ukumbini. Umeme ulikuwa umekatika tangu mchana, groupe ya kuzalisha umeme inanguruma nyuma ya ukuta, taa nyeupe zimepangwa dari zima, na orchestre inapiga kwa nguvu hata nikawa naongea na jirani yangu kwa mikono. Flashi yako ikakataa kuwaka. Ulibadilisha betri, ikakataa tena. Kwenye kioo kidogo cha kamera uliona kama vivuli, ukadhani ni taa za rangi za wapiga muziki. Ukaendelea na kazi.

Tulipokwenda kwa wazazi wa Solange kutazama picha kwenye kompyuta, za kanisani zilipita na watu wakashangilia. Ikaja ya kwanza ya ukumbini. Milia ya giza ilikuwa imeikata picha kutoka kushoto hadi kulia: juu ya shela, juu ya keki, juu ya uso wa bwana harusi. Ya pili vilevile. Ya tatu vilevile. Ikaja moja uliyoipiga ukiwa umeisimamisha kamera, na humo milia nayo ilikuwa imesimama wima kama nondo za dirisha. Kaka yake Solange hakuweza kujizuia, akamgeukia shemeji yake, bwana harusi.

"Beau-frère, jiangalie! Balikufunga prison siku ile ile!"

Chumba kizima kikacheka. Solange akasema polepole, "Nsimire, miye nilivaa robe nyeupe. Hii ya punda milia, nani alinivalisha?" Akacheka pamoja nao, lakini nilimwona akijifuta jicho kwa kiganja, na wewe ulimwona. Ulisema pardon, ukasema tena pardon.

Baada ya hapo kila mtu alikuwa na maelezo yake. Kaka yake Solange alisema ni mkono wako. Cito alisema kamera ilichoka: "Yaya, ilianza kazi toka asubuhi. Kitu kikifanya kazi namna ile kinapata moto. Muiache ipumuzike." Usimcheke Cito. Ushahidi wake ulikuwa mzuri: asubuhi picha safi, jioni milia. Papa yako, kwa simu kutoka Kalehe, alisema tumtafute mtu aifungue atazame ndani. Nikamwambia, "Papa Nsimire, tufungue tena?" Akacheka peke yake kule Kalehe, maana alijua nakumbuka nini.

Hujawahi kusikia habari ya redio ya Minova. Tulikuwa tunaishi huko, tumeoana karibuni. Redio yetu ilikuwa safi mchana, na kila jioni ilijaa mlio kama wa mafuta yanayokaanga. Nikamwambia papa yako, kwa kujiamini kwa mtu aliyetoka chuo kikuu juzi, kwamba kuna kitu ndani kinalegea kikipata joto. Akaifungua. Ikaruka springi moja ndogo ambayo hatukuiona tena. Wakati redio imelala mezani vipande vipande, tukasikia ule mlio bado unatoka, sasa kwenye redio ya jirani. Mwenye baa ya karibu alikuwa anawasha groupe yake kila jioni. Redio yetu ilikuwa nzima mpaka tulipoiponya. Tukamaliza msimu wa mvua bila habari za dunia.

Tangu Minova nimekuwa mwangalifu na neno jioni. Jioni, vitu vingi hubadilika pamoja. Jua linaondoka, taa zinawashwa, mashine zimekwisha kufanya kazi ya kutwa, watu wamechoka. Anayesema "inaharibika jioni" amefunga mambo mengi katika furushi moja, na huwezi kujua lipi linauma mpaka ulifungue furushi hilo na kuyatenga, moja hapa, moja pale.

Kabla ya kuigusa kamera nilizitazama picha zenyewe, moja baada ya nyingine. Nilikuwa natafuta makosa yako, na nilitafuta kwa bidii, kama ninavyosahihisha mtihani. Mkono mbaya na kifaa kibovu havina mwandiko mmoja. Mkono ukitetemeka, kila kitu kinavutika kuelekea upande mmoja na taa zinaota mikia. Ukikosea kulenga, kuna kitu kimetoka vizuri, ila si kile ulichokitaka: uso ni ukungu, na pazia nyuma yake linaonyesha kila uzi. Lenzi ikiwa imeumia, pembe moja ya picha itakuwa na ukungu hata upige nini. Vumbi likiingia ndani, utaliona doa palepale, leo juu ya shela, kesho juu ya mawingu. Kifaa hakijui unapiga picha ya nini, ndiyo maana kosa lake hurudi mahali pamoja. Kosa la mtu huhamahama naye.

Katika picha zako hakuna taa yenye mkia. Hakuna pazia lililoushinda uso. Nilipoipuuza milia, niliona kilichokuwa chini yake. Iko picha ya mama yake Solange. Amekaa peke yake kwenye meza ya pembeni, anamtazama mtoto wake akicheza. Chini ya meza amevua kiatu kimoja, na kidole gumba cha mguu kimeinuka, kinafuata ngoma. Mlia mmoja umempita kiunoni. Uso wake umetoka safi hadi kope. Nsimire, mimi nilikaa karibu na mama yule jioni nzima. Sikukiona kiatu, sikuuona uso ule. Sijui wewe uliuona kutoka wapi.

Basi milia haikuwa mkono unaotetemeka wala jicho lililokosea. Na ilikuwa inafuata kamera: kamera ikilala, milia inalala, kamera ikisimama, milia inasimama. Kama ingekuwa vivuli vya ukumbini, isingejali umeishikaje kamera. Nilianza kuogopa. Nilidhani Cito amesema kweli, kwamba kuna kitu ndani kimeharibika.

Nikaanza na joto lake. Jumatatu niliikalisha kamera uani, juani, nikapiga picha asubuhi yote mpaka mwili wake ukawa moto kama sahani iliyotoka jikoni. Kuku, ukuta, mlima, ukuta. Zote safi. Nikaiacha ndani ipoe kabisa, nikaingia nayo depo, ile stoo tunapoweka makala, mkaa wetu wa kupikia, pasipo dirisha. Umeme ulikuwepo. Nikawasha taa nyeupe, nikapiga picha ya ukuta mtupu, picha ya kwanza kabisa, kamera ikiwa baridi.

Milia.

Nikazima taa, nikawasha mshumaa. Ukuta wa njano, safi. Taa: milia. Mshumaa: safi. Nilirudia hadi nikajiona kichaa. Haikuwa jioni, basi, wala uchovu. Ilikuwa ni taa. Lakini taa ileile tunaiwasha kila siku, na hakuna aliyewahi kuona mlia ukutani.

Nilisimama pale gizani, kati ya magunia, nikabonyeza tena. Ndipo nilipogundua kitu nilichokuwa nakikosa tangu asubuhi. Sikusikia kitu. Kamera ilikuwa inapiga picha bila klak yake. Uani nilikuwa na kuku na watoto wa jirani, sikuwaza. Nawe pale ukumbini ulikuwa na orchestre masikioni. Abbé aliomba kimya, ukampa kimya, na kimya hicho ukatoka nacho kanisani, ukaingia nacho ukumbini, na kelele ya muziki haikukuacha ukisikie.

Nikafungua menyu. Ilinichukua muda, macho yangu unayajua. Nikakuta mahali pa kuzima mlio, na alama yake ndogo pembeni. Nikaurudisha mlio. Nikabonyeza: klak, na flashi ikalipuka usoni pangu, nikapiga ukelele hata jirani yetu papa Mugisho akauliza kama ni nyoka. Flashi iliyokataa jioni ile ilikuwa nzima! Kumbe kamera hii ikiwekwa kimya haiwezi kuamuru flashi. Nikaitoa flashi, nikapiga tena kwa taa peke yake. Ukuta mweupe, wote, kutoka pembe hadi pembe. Magonjwa mawili tuliyokuwa tunayalilia yalikuwa jambo moja.

Hapo wengi wangeishia. Mimi niliurudisha ukimya, na milia ikarudi. Nikauondoa, ikaondoka. Maana tatizo likiisha bila wewe kuweza kuliita lirudi, hujui kama umelimaliza au limepumzika tu. Ukiweza kuliita na kulifukuza kwa hiari yako, hapo ndipo linakuwa lako.

Umeme ukakatika, kama kawaida yake. Nilitaka kuona jambo moja zaidi, nikamwomba papa Mugisho anivutie waya kutoka kwenye groupe ya secrétariat yake, pale anapochapia watu karatasi. Nikapiga picha za ukuta kwa ukimya. Milia ilikuwepo, lakini si ile ya umeme wa mji. Ilikuwa imeachana zaidi. Na kila groupe iliposhusha sauti, kama mtu anayebeba gunia kupanda mlima, picha niliyopiga wakati huo ilikuwa na milia mipana kuliko ile iliyotangulia. Nikaita kupitia ukuta:

"Papa Mugisho! Umewasha mashine ya fotokopi sasa hivi?"

"Ndiyo, maman prof! Umeionea wapi?"

"Huku kwenye ukuta wa makala!"

Kisha nikamsikia akimwambia mteja wake, "Tangu apate pension, kichwa kinamuzunguka."

Nilikaa juu ya gunia, nguo ikaharibika, sikujali. Nataka nikueleze nilichokuwa nakitazama, na nakuomba usome polepole.

Miaka yote ya ualimu wangu wa fizikia nilichora wimbi ubaoni. Mstari unapanda, unashuka, unapita sifuri, unapanda tena. Niliwaambia watoto: huu ndio umeme unaoingia nyumbani kwenu, unakwenda na kurudi, mara hamsini katika sekunde moja, na kila safari una nguvu mara mbili na unakosa nguvu mara mbili. Walinakili. Walifaulu, au walifeli. Wala mimi wala wao hatukuwahi kuliona wimbi hilo. Tuliliamini kama tunavyoamini majina ya miji ya mbali.

Taa ya zamani ya uzi ilikuwa inabaki na joto, kwa hiyo umeme ukidhoofika, yenyewe iliendelea kung'aa. Hii nyeupe ya bei nafuu haina akiba. Umeme ukidhoofika, inafifia, ukirudi, inawaka. Chumba unachokaa kinaingia gizani na kutoka mara mia katika sekunde moja, na wewe unakula, unashona, unasoma, hujui. Jicho linatuunganishia vipande hivyo kwa huruma yake, linatuambia taa inawaka moja kwa moja. Kamera iliyo kimya haitazami chumba kizima kwa pamoja. Inakisoma mstari kwa mstari, kutoka juu hadi chini, kama mtu anayesoma ukurasa. Taa ikififia inapokuwa katikati ya ukurasa, mistari hiyo inabaki na giza. Taa ikirudi, mistari inayofuata ina mwanga. Groupe ikichoka, wimbi linarefuka, na milia inatanuka pamoja nalo.

Lile wimbi la ubaoni, mwanangu, lilikuwa pale ukutani mwa depo yetu. Na kabla ya hapo lilikuwa juu ya shela la Solange. Tulicheza jioni nzima katika ukumbi unaozimika na kuwaka, zaidi ya tunavyoweza kuhesabu, tukapiga vigelegele gizani na kuvimaliza katika mwanga, na kati ya watu wote waliokuwa pale ni kamera yako tu iliyoona. Tukasema ni mbovu. Nilikaa pale mpaka papa Mugisho akaja mlangoni kuuliza kama anaweza kuchukua waya wake. Nilikuwa nimelifundisha jambo kwa maisha yangu yote, na lilikuwa limenijia wakati nimeshastaafu, ndani ya picha zilizomliza bibi harusi.

Sasa swali lako. Ni kamera, au ni wewe?

Ni wewe. Ulisahau kuurudisha mlio baada ya misa. Sitakuambia kwamba hakukuwa na kosa, kwa sababu ungeona nakubembeleza, na kwa sababu si kweli. Lakini nikuambie nilichokuwa naomba nilipokuwa depo, kabla sijajua. Mama yeyote angeomba kamera iwe mbovu, ili mtoto wake awe safi. Nilianza hivyo. Halafu nikaona maana yake: kifaa kikifa, hapa Bukavu hakuna wa kukifufua, na wewe ungekwenda Kampala mikono mitupu, ukiwa huna kosa na huna kamera. Nikabadilisha ombi. Nilijikuta nikiomba kwa nguvu zangu zote liwe kosa lako, mwanangu, dogo, la kugusa kwa kidole, kitu unachoweza kuondoka nacho ukakitawala. Sikujua kwamba siku moja ningemwomba Mungu mambo kama hayo juu ya mtoto wangu.

Jana nilipitia kwa Solange. Nilikuwa nimemwomba papa Mugisho anichapishie ile picha ya mama yake. Nilianza kumweleza habari ya wimbi, akanikatiza.

"Maman, kwanza unipe nione." Akaishika kwa mikono miwili, akainama. "Maman yangu alivua kiatu?"

"Alivua."

"Siku yote alikuwa ananiambia ndoa ya kelele kelele hapendi." Akacheka kwa namna ambayo hakucheka siku ile ya kompyuta, akamwita mumewe aje aone kidole. Mlia hakuutaja. Nilipotoka aliniuliza kama ziko nyingine za watu waliokaa pembeni, nikamwambia ziko nyingi, na akuandikie mwenyewe kuziomba. Habari ya wimbi nitamweleza siku nyingine. Mumewe anaonekana mvumilivu.

Kuna jaribio moja sijalifanya. Nimebadilisha jua, taa, mshumaa, umeme wa mji na umeme wa groupe. Nimebadilisha hata mkono, maana mkono wangu umetoa milia ileile iliyotoka kwako. Lililobaki siwezi kulifanya kwa niaba yako. Nikimaliza kuandika, nitaipeleka kamera depo na kuiweka juu ya gunia la mbele. Papa Mugisho ameniachia tena waya hadi jioni, kwa hiyo taa itakuwa inawaka. Kamera nimeirudisha katika ukimya, kama ilivyokuwa ukumbini.

Barua hii utaikuta mezani. Sitaiweka kamera kwenye begi lako. Ukiamua vitenge baada ya kusoma haya, nitakufungia chakula cha njiani kwa moyo mmoja na nitakusindikiza hadi kwenye basi. Lakini kabla ya kuamua, ingia depo peke yako, piga ukuta, uone milia yako. Kisha uifukuze mwenyewe.

Nitakuwa jikoni nasonga bugali. Mlango wa depo ni wa mbao nyepesi, na hapa nilipo sauti inafika. Nikisikia umeingia, nitausimamisha mwiko kidogo, nisikilize.

Mama yako